Kisigino Kwanza

Baba mkwe wangu nilimjua kwa kikohozi chake kabla ya kumjua kwa kitu kingine chochote. Alikuwa na desturi ya kukohoa kabla hajapinda kona ya njia, kikohozi kikavu cha makusudi, na mimi nikikisikia nilitua mzigo, nikaingia majanini na kumpa mgongo mpaka apite. Hivyo ndivyo nilivyotakiwa kufanya. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mke wa mtoto wa kiume hakutazamana na baba mkwe wake, hakusema naye, hakumgusa, wala hakuingia nyumbani mwake akiwamo. Mimi ni Mhehe. Nilikotoka, baba mkwe tulimheshimu sana, lakini sijawahi kuona mtu akimkimbia na debe la maji kichwani.

Mchungaji alihubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Mama mkwe wangu, ambaye hakukosa ibada hata mvua inyeshe vipi, aliitikia amina kwa sauti kuliko wote, kisha akarudi nyumbani na kuendelea kunionyesha majani ya kujificha yalipo mazuri. Sikubishana naye. Nilikuwa mgeni, na kwa tabia yangu mimi si mtu wa kubishana na kitu ambacho hakiniumizi.

Tuliishi kwenye miteremko ya mlima, juu ya mji wa Mbeya, mahali ambapo ukoo wa mume wangu ulihamia kutoka upande wa Tukuyu kufuata ardhi na kazi za mjini. Mume wangu alikuwa dereva wa lori kati ya Mbeya na Iringa. Tulikutana hospitalini kwetu, hospitali ya misheni huko upande wa Iringa, alipomleta utingo wake aliyevunjika mguu baada ya lori kukwama kwenye matope karibu na Nyololo. Utingo alipona akaenda zake. Dereva aliendelea kuja kumjulia hali.

Hospitalini nilikuwa msaidizi katika chumba cha mazoezi. Kilikuwa chumba kirefu nyuma ya wodi, chenye vyuma viwili vilivyokwenda sambamba kutoka ukuta hadi ukuta, na humo waliletwa watu ambao miili yao ilikuwa imeacha kuwatii: watoto waliopata polio, wazee waliopigwa na kiharusi, mrina asali mmoja aliyeanguka kutoka juu ya mti akaumia uti wa mgongo. Aliyekisimamia alikuwa sista wa Kizungu, mfupi, mwenye mikono mipana ya mtu aliyekulia shambani. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu. Siku nzima ungesikia, “Simama! Tena! Kisigino kwanza!” Maana mguu uliopooza huburuza vidole, na mtu anayeburuza vidole ataanguka tu. Inabidi ufundishwe upya kutua kwa kisigino, jambo ambalo mtoto hulijua bila kuambiwa.

Pale nilijifunza kwamba kiungo kikiachwa bila kuchezeshwa hukakamaa, kwamba bega la upande uliopooza halivutwi hata kama una haraka, na kwamba huruma iachiwe jamaa wa mgonjwa. Kazi ile ilinifaa. Haikunitaka niwe na maneno matamu. Ilinitaka nimwinue mtu ambaye hataki kuinuka, na kesho nimwinue tena.

Kiharusi kilimpata baba mkwe katika majira ya baridi, wakati umande wa Mbeya unapoganda kwenye majani. Alikwenda kumtazama ng'ombe wake asubuhi, akaonekana ameanguka mlangoni mwa zizi. Upande wa kulia wote ulikuwa umekwenda, mkono na mguu, na mdomo umepinda. Walimlaza kitandani, wakamfunika mablanketi, wakamgeuza uso utazame ukutani asisumbuliwe na mwanga. Majirani walikuja, wakaketi, wakaimba taratibu, wakaondoka kwa kunyata. Kila mmoja alisema apumzike. Mama mkwe alimlisha uji kwa mkono wake, akamkatalia hata kushika kikombe.

Mimi nilikuwa jikoni nikipika huo uji, na mambo yote niliyapata kwa masikio. Nilijua kilichokuwa kinatokea nyuma ya ukuta ule wa mianzi na udongo. Mkono ulikuwa ukijikunja, bega likianza kuuma, mguu ukisahau kazi yake. Kila siku aliyolala kwa heshima ilikuwa inaondoka na kitu. Katika nyumba nzima, na pengine katika mlima mzima, mtu aliyefahamu la kufanya nilikuwa mimi, na mimi ndiye pekee niliyekatazwa kumkaribia.

Neno la kwanza alilosema likaeleweka lilikuwa “nje”. Alikuwa akibebwa kwenda chooni, mke wake upande huu na mume wangu au jirani upande ule, na hilo lilimchoma kuliko ugonjwa wenyewe. Alimwambia mke wake kwa ule ulimi mzito kwamba mwanamume anayebebwa kwenda chooni amekwisha kuzikwa, bado udongo tu. Hakuomba mkono wala shamba. Alitaka kwenda nje kwa miguu yake mwenyewe. Mama mkwe alinisimulia hayo jikoni huku akilia, nami nikamwambia kwamba inawezekana, lakini si kwa kulala.

Mume wangu aliona ni jambo rahisi. “Ingia tu,” aliniambia. “Hii ni miaka ya sasa. Mwenyewe umesikia mchungaji.”

“Na akifa nikiwa nimeingia?”

Alikwenda kumwuliza baba yake, akarudi amenywea. Mzee alikuwa amesema kwamba huyo mwanamke akiingia, yeye atolewe kwanza, hata kama ni kutupwa kwenye mvua. Sikukasirika. Ningekuwa yeye, nimelala hivyo, mdomo umepinda, ningesema vilevile.

Basi tukatundika mkeka mlangoni. Chumba chake kilikuwa na mlango unaofungukia barazani. Mkeka ulifunika mlango wote kutoka juu hadi chini, yeye akabaki ndani na mke wake, mimi nikaketi barazani kwenye kigoda. Mimi ningesema, mama angefanya. Kwanza nilimfundisha mama kwa mwili wake mwenyewe. Nilimlaza kwenye sakafu ya jikoni, nikamwambia mguu huu si wako tena, legeza, nikaukunja na kuukunjua, nikambeba bega jinsi linavyobebwa. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema tangu azaliwe hajawahi kushikwa vizuri hivyo, na kwamba nimfanyie na mgongo.

Kila asubuhi, jua likishapasha baraza, tulianza. Mzee alisikia kila neno nililosema, na mimi nilisikia kila neno lake, lakini hatukuongea. Yote yalipita kwa mama.

“Mama, mwambie akae pembeni mwa kitanda, nyayo zikanyage chini.”

“Amekaa.”

“Mwambie ainue goti.”

“Ameinua.”

“Mwambie ashushe polepole, asiliangushe.”

Kisha ile sauti nzito kutoka ndani: “Mwambie huyo askari wako, hata serikali inapumzisha wafungwa.”

“Mwambie wafungwa wa hapa wana kazi bado.”

Mama alifikisha ujumbe wote kwa uaminifu, neno kwa neno, kwa mtu aliyeketi pembeni yake na aliyekwisha kuusikia. Majirani walianza kuja asubuhi ili kusikiliza. Jina la askari lilinibaki, na baadhi yao waliniita hivyo hata nilipozeeka.

Mambo yalikwenda vizuri mno. Hilo ndilo lililopaswa kunishtua. Nilizoea hospitalini kwamba mwanzoni mgonjwa hushindwa, hulia, hukutukana, ndipo kidole kimoja kisogee. Huku, kila nilichoagiza kilifanyika. Ameinua, ameshusha, amekunja, amekunjua. Mama alifurahi, na furaha yake niliisikia. Niliongeza mazoezi. Nilianza hata kufikiria kumsimamisha.

Asubuhi moja hakukuwa na wasikilizaji barazani kwa sababu watu walikuwa wamekwenda kuvuna viazi, na palikuwa kimya kabisa. Nikasema mwambie apige hatua hapo hapo alipokaa, ainue mguu na kuutua. Nikausikia ukitua. Kisigino, halafu wayo. Kisigino, halafu wayo. Nilikaa na mikono yangu magotini nikisikiliza. Mguu uliopooza hautui hivyo. Mguu uliopooza huanguka chini wote kwa pamoja, au huburuza.

“Mama,” nikasema. “Huo ni mguu gani?”

Nikasikia blanketi likivutwa.

“Ni wa kulia?”

Mama akasema kwa sauti ndogo, “Ni ule unasikia ukiambiwa.”

“Na mwingine?”

“Ile ingine imelala, mwanangu. Mgonjwa akilala, wewe unamwamsha?”

Wakati huo wote alikuwa akimfanyia mazoezi upande wa kushoto, ule mzima. Upande uliopigwa alikuwa ameufunika blanketi, kwa heshima na kwa hofu, kwa sababu kwa akili yake kitu kilichoupiga kilikuwa bado kimo humo na hakifai kuchokozwa. Tena ule mguu mzima ulikuwa mtiifu, na kila uliponyanyuka yeye aliona mume wake anapona. Mzee naye alikuwa amefuata alichopewa. Alisema kutoka ndani, bila kejeli safari hii, “Mwambie mimi nilidhani ndivyo hospitali wanafanya. Wanaanza na ule mzuri.”

Mtu yeyote mwenye macho angeliona kosa lile asubuhi ya kwanza. Mimi nilikuwa na mkeka mbele yangu. Niliondoka barazani bila kuaga, nikaenda shambani nikalima kwa hasira mpaka jembe likachomoka mpini. Nilimkasirikia mama, nikaukasirikia mkeka, nikamkasirikia mchungaji kwa hotuba zake ambazo hazikumtoa mtu hata hatua moja. Halafu hasira ikaisha, ikabaki hofu. Nilijua muda uliopotea haurudi, na nilikuwa na hakika kwamba mkono ulikuwa umekwisha kujikunja.

Jioni nilimwambia mume wangu kwamba kama sioni, sifundishi. Aliyeitwa kuamua hakuwa mchungaji. Alikuwa shangazi yake, dada mkubwa wa mzee, mwanamke mkali aliyevuta kiko na ambaye hata mzee mwenyewe alimwogopa. Alitusikiliza kila mmoja, akaomba moto, akawasha kiko chake. Kisha akaniuliza mimi, “Njia ya kwenda kisimani, ikinyesha, unaona nini kwenye matope?”

“Naona nyayo, shangazi.”

“Za nani?”

“Za watu wote.”

“Na zake?”

“Na zake.”

“Umewahi kufunga macho usizione?”

Nikasema hapana.

“Basi nyayo zake umeziona siku nyingi na hakuna aliyekufa,” akasema. “Mkeka upandishwe mpaka kwenye fundo la mguu. Goti likionekana, ushuke.” Akavuta kiko chake. Hakuna aliyebisha, nami nilimpenda kuanzia hapo.

Asubuhi iliyofuata mkeka ulikunjwa kwa chini na kufungwa kwa kamba, na kwa mara ya kwanza nikamwona baba mkwe wangu, yaani nikaona miguu yake. Ilikuwa mikubwa kuliko nilivyodhania. Wa kushoto ulikuwa na kovu la jembe juu ya kidole gumba, na visigino vyote viwili vilipasuka kwa baridi na kazi. Wa kulia ulikuwa umevimba kidogo, vidole vikitazama chini, umelala ubavu. Mikono ya mama ilikuwa imeushika kifundoni kwa ncha za vidole tu.

“Mama, usiogope,” nikamwambia. “Hauumwi huo, umesahau tu. Mkanyagishe.”

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, na ilikuwa mbaya kama inavyotakiwa kuwa. Mguu haukufanya lolote. Mzee alitukana. Mama alilia, nikamwambia alie huku anafanya. Kila nilipoona vidole vinaburuza nilisema kisigino kwanza, mama akamwambia kisigino kwanza, naye akasema mwambie nimesikia, na vidole vikaburuza tena. Ikaendelea hivyo, mvua za kwanza zikaingia, na tumbo langu likakua mpaka kigoda kikanishinda nikahamia kwenye kiti. Siku moja wakati mama amegeuka kuchukua kitambaa, niliona kidole gumba cha mguu wa kulia kikinyanyuka chenyewe, kidogo tu, kikarudi. Sikusema. Nilitaka kuona kama kitarudia, nacho kikarudia.

“Mama, mwambie afanye tena alichofanya.”

“Amefanya nini?”

Yeye hakuwa ameona. Kutoka ndani sauti ikasema, “Mwambie na mimi nimeona.”

Mume wangu alifunga mianzi miwili mirefu chumbani, kutoka kitandani hadi mlangoni, kwa mfano wa vile vyuma vya Iringa. Mzee alishika wa kushoto kwa mkono mzima, mama akamkamata kiunoni kwa kitenge, na nikaiona miguu ile ikija upande wangu, hatua moja, siku nyingine mbili, siku nyingine hakuna. Ilipofika karibu na mkeka nilisogeza kiti changu nyuma ili asidhani namzuia.

Mkono hatukuupata. Ninasema hivyo wazi kwa sababu watu wakisimulia habari hii huusahau. Sikuweza kuuona, mama aliogopa kuukunjua kwa nguvu, na wakati uliopotea mwanzoni ndio uliotufunga. Ulibaki umekunja ngumi kifuani mpaka mwisho wa maisha yake. Alikuwa akining'iniza kikapu hapo. Kama ningeruhusiwa kuushika kwa juma moja tu la kwanza, nadhani ungefunguka, na hilo lilinikaa rohoni kwa miaka mingi.

Nilipojifungua nilikaa ndani kama desturi, na mama akaendelea peke yake. Siku moja nikiwa nimempakata mtoto nilisikia nje ya ukuta fimbo ikigonga ardhi, halafu mguu mmoja, halafu kitu kikikwaruza, halafu fimbo tena. Sauti ilipita nyuma ya jiko ikaelekea chooni. Hapakuwa na sauti ya mtu wa pili. Nilikaa nikisubiri kishindo cha mtu kuanguka, hakikuja. Baadaye sana sauti ikarudi, fimbo, mguu, mkwaruzo. Mama akaingia na bakuli la uji wangu, machozi yanamtiririka, akalitua akasema, “Amekataa nisimfuate.” Nilifurahi mno, nikaunywa ule uji wote ingawa alikuwa amesahau kuutia chumvi.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ya baadaye, mtoto alipokuwa amekwisha kuota meno. Nilikuwa natoka kisimani na debe kichwani na mtoto mgongoni. Njia ilikuwa nyembamba, utelezi mtupu, na kando yake ulichimbwa mtaro wa kupitisha maji ya mvua. Nilikuwa nimefika nusu ya mteremko niliposikia fimbo. Hakukohoa. Nadhani pumzi yote alikuwa anaitumia kutembea. Nilitazama chini haraka, nikaona miguu yake inakuja.

Nilitafuta pa kuingia. Kando yangu mtaro, nyuma utelezi, na kuruka mtaro na debe lile na mtoto yule kulikuwa ni kuanguka. Nilisimama nikageuza uso pembeni, sijui la kufanya. Fimbo ikasimama pia. Halafu, kwa pembe ya jicho, chini, nikaiona ikivuka na kuchomwa ng'ambo ya mtaro.

Mguu wa kushoto ukavuka. Wa kulia ukajaribu, vidole vikanasa ukingoni, udongo ukaporomoka majini. Mguu ukarudi, ukatulia, ukanyanyuliwa tena, juu zaidi, nao ukavuka na kutua kwa vidole. Mzee mzima, mwenye ng'ombe na wajukuu, akawa amesimama kwenye magugu kando ya shamba la pareto, akanipa mgongo, ili mimi nipite njiani.

Nilipita. Machozi yalinitoka na sikuweza kuyafuta kwa sababu ya debe. Nilipokuwa nimempita nikakumbuka namna mguu ule ulivyotua, nikataka kusema, lakini mama hakuwapo wa kumwambia. Nikasimama bila kugeuka.

“Mwanangu,” nikamwambia mtoto mgongoni, “mwambie babu, akirudi kuvuka, kisigino kwanza.”

Nyuma yangu fimbo ilichomolewa matopeni. Kisha ile sauti nzito ikasema, “Mjukuu wangu, mwambie mama yako apeleke maji. Nimesikia.”

Mtoto alikuwa amelala.